Kuyumba kwa joto la maji ya tangi la samaki

Kuyumba kwa joto ni hali ya maji ya tangi kupanda na kushuka joto ndani ya saa chache, mara nyingi kati ya usiku na mchana. Usichanganye na joto kali au baridi. Tangi linalokaa nyuzi 27 mwezi mzima lina joto, ila limetulia. Linalolala nyuzi 22 na kushinda nyuzi 28 linayumba, hata kama wastani wake ni 25, namba ambayo muuza samaki yeyote ataisifu.

Tabora tatizo hili ni kubwa kuliko Kigoma. Kigoma ina ziwa mlangoni, na ziwa hutunza joto. Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi, kisha mchana jua linawaka kama kawaida. Nyumba ya bati isiyo na dari hufuata kila badiliko. Sasa samaki wa Tanganyika waliopandishwa kutoka Kigoma wamezoea maji ya juu ya ziwa ambayo hukaa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima, tena hubadilika polepole. Matumbawe ya baharini nayo, kwa anayethubutu kuyafuga bara, hayapendi mchezo: kwa kawaida huwekwa nyuzi 24 hadi 27. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia na Unguja yalipauka, kwa sababu joto huyafanya yawatoe wale mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipanda joto, mwili wake unafanya kazi haraka na kudai hewa zaidi. Hapo hapo maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hazifiki 8. Kwa mwinuko wa Tabora punguza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana samaki huonekana wakihema juu ya maji alasiri ya Oktoba.

Dawa ya kwanza ni wingi wa maji. Kupandisha lita 100 kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 420, yaani hita ya wati 100 ifanye kazi kama dakika 70. Lita 20 hupanda hivyo hivyo kwa dakika 14. Chumba nacho hupasha na kupoza kwa hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo tangi dogo, ambalo wengi hununua wakidhani ni la kujifunzia, ndilo gumu zaidi kulituliza.

Joto la mchana hupunguzwa na feni inayopuliza juu ya maji, mfuniko ukiwa wazi. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na nyuzi mbili tatu hushuka. Kwa tangi la chumvi kuna mtego: mvuke huondoka peke yake, chumvi inabaki. Pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi inazidi wiki hadi wiki.

Usiku ni kazi ya hita. Mimi napendelea mbili ndogo kuliko moja kubwa, maana themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kufuata joto, ikinasa ikiwa imewaka, ndogo moja haina nguvu ya kuchemsha tangi zima. Umeme ukikatika, funika pande za kioo kwa blanketi na acha juu pawe na upenyo wa hewa. Pampu ndogo ya betri ni bora kuwa nayo, kwa sababu hewa huisha kabla ya baridi kuua.

Kipimajoto cha kubandika nje ya kioo hupima chumba nusu na maji nusu, kiache dukani. Tumia cha kuzamisha, soma alfajiri na saa tisa alasiri. Tofauti isipofika nyuzi mbili, usiguse kitu. Ikizidi, lihamishe tangi mbali na dirisha la magharibi kwanza, kabla ya kununua kifaa chochote.