Eksepsheni na katizo: mlango wa kuingilia keneli

Katizo hutoka nje ya programu: kadi ya mtandao imepokea pakiti, saa ya mashine imetimiza muda wake. Amri iliyokuwa ikitekelezwa wakati huo haihusiki hata kidogo. Eksepsheni husababishwa na amri yenyewe, kwa mfano imegawa kwa sifuri au imegusa anwani isiyo na ukurasa wa kumbukumbu. Yote mawili humfikisha kichakataji kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kupitia mlango mmoja. Hapa tunautazama kwenye vichakataji vya x86 vya biti 64, kwa namna Linux inavyoutumia.

Mlango ni IDT, jedwali la kumbukumbu linaloelekeza kila tukio kwenye msimbo wake, lenye nafasi 256 za baiti 16 kila moja. Ndani ya kila nafasi mna anwani ya msimbo wa keneli. Namba 0 hadi 31 zimetengwa na mtengenezaji wa kichakataji: 0 ni kugawa kwa sifuri, 6 ni amri isiyotambulika, 14 ni hitilafu ya ukurasa. Katizo za vifaa huanzia 32.

Tukio likitokea programu ikiwa kazini, kichakataji huhamia kwenye steki ya keneli (sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhia hali kwa muda) na kuweka thamani za rejista tano: SS na RSP (steki ya programu), RFLAGS (bendera za hali), CS (sehemu ya msimbo na ngazi ya ruhusa) na RIP (anwani ya amri ya kurejea), jumla baiti 40. Baadhi ya eksepsheni, kama namba 14, huongeza namba ya hitilafu. Nyingine, kama namba 0, haziongezi, kwa hiyo keneli huweka thamani ya kujazia nafasi ili umbo la steki lifanane, kisha huhifadhi rejista 15 zilizobaki. Wakati wa kutoka namba hiyo sharti iondolewe. Ukiisahau, iretq, amri ya kurejea kwenye programu, itaichukua kama RIP, na RIP halisi itasomwa kama CS. Utapata eksepsheni namba 13 (ukiukaji wa ulinzi) bila kuelewa imetoka wapi.

Ugumu wenyewe uko kwenye GS, rejista inayoshika anwani ya msingi ya data. Keneli huitumia kufikia data ya kichakataji husika, lakini unapoingia bado ina thamani ya programu. Amri ya swapgs hubadilishana thamani hizo mbili, na ukiitekeleza mara mbili umerudi ulikoanzia. Ndiyo maana keneli hutazama kwanza biti mbili za chini za CS iliyohifadhiwa: 3 maana yake tumetoka kwenye programu, 0 tulikuwa tayari ndani ya keneli.

Kipimo hicho hakitoshi kwa NMI, katizo lisilozuilika. Linaweza kuingia mara tu baada ya syscall, amri ambayo programu huitumia kuiomba keneli huduma, kabla swapgs haijatekelezwa: CS inasema keneli, GS bado ni ya programu, na hata RSP bado inaelekea kwenye steki ya programu. Kwa hiyo mlango wa NMI hauiamini CS inaposema keneli, hukagua GS yenyewe, na hupewa steki yake ya pekee kupitia IST, utaratibu wa kichakataji wa kuteua steki maalumu, wenye nafasi saba tu.

Hitilafu ya ukurasa si lazima iwe kosa. Programu ikiandika kwa mara ya kwanza kwenye kumbukumbu iliyoomba, namba ya hitilafu huwa 6: biti ya 2 (imetoka kwenye programu) na ya 1 (ni kuandika), huku biti ya 0 ikiwa tupu kwa kuwa ukurasa haupo. Keneli huisoma anwani iliyoguswa kutoka rejista ya CR2 mapema, kabla hitilafu nyingine haijaifuta, huweka ukurasa uliojazwa sifuri, na amri ileile hurudiwa. Ukikuta kwenye dmesg (ujumbe wa keneli) “segfault at 0” ikifuatwa na “error 4”, hapo programu ilijaribu kusoma kupitia kielekezi tupu.

Kwa katizo la kifaa, msimbo hukimbia katizo nyingine zikiwa zimefungwa, hivyo kazi ndefu huahirishwa. Lazima pia kuijulisha APIC, saketi inayopokea na kupanga katizo, kwamba katizo hilo limehudumiwa. Usipofanya hivyo, katizo za kipaumbele hicho na za chini yake hazitafika tena.

Steki ya keneli ikijaa, hitilafu ya ukurasa haina pa kuandika, na hapo huzuka eksepsheni namba 8, hitilafu maradufu. Nayo ina steki yake ya IST, la sivyo ingeshindwa pia, na kushindwa kwa tatu huifanya mashine ijiwashe upya bila kuacha hata mstari mmoja kwenye rekodi za matukio ya mfumo.