Zege la mbele ya duka lako na nyonga ya mzee

Masika imeanza na malalamiko yamezidi, wengi wanatuuliza sisi watu wa barabara mbona njia za waenda kwa miguu zipo ila wazee wanapita barabarani na magari. Swali zuri, sema majibu mengine hayatawapendeza.

Tuanze na mguu wenyewe. Mtu akitembea kawaida, kidole gumba kinapita juu ya ardhi kwa sentimita 1 hadi 2 hivi, basi. Kijana akijikwaa anarusha mguu mwingine fasta anajiweka sawa, mzee wa miaka 70 hana hiyo fasta, akienda chini kwa ubavu nyonga inaweza kuvunjika. Kwa hiyo pevingi (matofali ya njia) iliyotitia sentimita 2 ambayo wewe huioni, yeye inamkwamisha. Akiwa na mtoto wa jicho ndo kabisa, kijivu juu ya kijivu hajui kingo inaishia wapi, rangi nyeusi na nyeupe kwenye kingo inamsaidia kuiona, siyo urembo jamani.

Halafu mlalo. Njia inainamishwa kidogo maji yaende mtaroni, sentimita 2 kwa kila mita inatosha. Sasa mwenye duka anaona gari lake linagusa chini, anamwaga zege kutoka getini mpaka kwenye lami, mzee na mkongojo wake akifika hapo anatembea mguu mmoja juu mmoja chini, akichoka anashuka barabarani kwenye bodaboda. Wengine wanabandika tailizi za sebuleni, mvua ikinyesha ni sabuni tupu. Ukiwauliza: "mbele ya duka langu ni kwangu." Siyo kwako! Kiwanja chako kinaishia kwenye bikoni, yaani zile alama za mpaka, hili tumelirudia mpaka tumechoka.

Utaratibu upo. Barabara za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS (wakala wa barabara Tanzania), usipeleke barua ya huku kule. Unaandika kuomba kibali KABLA hujamwaga zege, unaambatanisha mchoro wa eneo, mhandisi anakuja kupima, ukikubaliwa unapewa kibali chenye masharti, na masharti uyasome siyo kuyaweka kwenye droo. Ukijenga bila kibali unaandikiwa notisi ya kuondoa, muda ukiisha kinabomolewa na gharama unaweza kudaiwa wewe mwenyewe, msingi wake ni Sheria ya Barabara ya 2007. Fidia ya ulichojenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, bila ruhusa usiitegemee. Na anayekuja kukuchorea X nyekundu ya kubomoa katumwa kazi, hana ugomvi na wewe.

Kuhusu taa za kuvukia, hapo wazee wana hoja. Hesabu inayotumika sehemu nyingi duniani ni mita 1.2 kwa sekunde, barabara ya mita 14 unapewa sekunde 12. Mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji 17 na nusu, taa inamkuta bado yuko katikati. Dawa ni kuongeza sekunde au kuweka kisiwa cha kupumzikia, ila hilo linakwenda na bajeti, tarehe siwezi kuahidi hapa.

Mifuniko ya mitaro inayopotea, waulizeni wanunuzi wa vyuma chakavu mtaani kwenu.

Ukitoa taarifa ya shimo au kingo iliyovunjika, taja mtaa, upande wa barabara na piga picha kwa mbali kidogo eneo lionekane. "Pale karibu na kwa Mangi" haitusaidii, kwa Mangi ziko kila kona.