Ndege Akijikokota Mbele Yako Porini, Simama

Wanaopita misitu ya miombo ya Tabora, hasa warina asali, wanalijua tukio hili. Kiangazi kinaelekea ukingoni, unakanyaga majani makavu, mara ndege anachomoka miguuni pako, anaanguka hatua chache mbele na kujikokota, bawa likiburuzika kama limevunjika. Wengi humfuata wakidhani wamepata kitoweo. Tafadhali, simama hapo hapo. Ndege huyo ni mzima. Anakuvuta uyaache mayai yake, na huenda yako kando tu ya buti lako.

Huyo ni mpasuasanda, ndege wa usiku. Hajengi kiota, mayai, kwa kawaida mawili, hutagwa juu ya ardhi tupu au majani yaliyopukutika. Rangi zake za kijivu, hudhurungi na nyeusi zimechanganyika kiasi kwamba unaweza kumkodolea macho usimwone, hasa akifumba jicho likabaki ufa mwembamba.

Kwetu watafiti wa wanyamapori, aina moja ya mpasuasanda hutusimamisha kazi: *Caprimulgus vexillarius*. Mwili haufiki sentimita 30, lakini msimu wa kuzaliana dume huwa na unyoya mmoja katika kila bawa unaoweza kuzidi sentimita 50. Akipita jioni giza likiingia, manyoya yale hupepea nyuma yake, na asiyemjua huapa kwamba ameona ndege mmoja akifukuzwa na wawili. Msimu ukiisha manyoya hayo hunyonyoka, naye huvuka Ikweta kwenda kaskazini hadi mwaka unaofuata. Kuatamia ni kazi ya jike.

Kinachoniuma ni moto. Ukichomwa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita polepole na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa Septemba na Oktoba hausazi kitu, na huo ndio wakati wa mayai. Jike ataruka, mayai yatabaki. Ndugu zangu warina asali, kienge, yaani mwenge wa kufukuzia nyuki, kizimwe kwa maji au udongo kabla hamjaondoka chini ya mzinga.

Ukimkuta, rudi kwa nyayo zako zile zile, piga picha kwa mbali bila mwanga, usiguse mayai. Nanyi madereva wa usiku, mkiona kitu kinang'aa chekundu barabarani usawa wa ardhi, punguzeni mwendo: ni macho yake, na mara nyingi huchelewa kuruka.