Nzi aliyetulia si lazima awe amepona wasiwasi

Muhula huu mwanafunzi wa tatu ameniletea grafu ileile: nzi wa matunda waliolishwa kanabidioli (CBD), kemikali itokayo kwenye bangi, wametembea kidogo kuliko wenzao, na chini yake ameandika, "CBD imepunguza wasiwasi." Sasa naandika, nimechoka kusema.

Dhana: Nzi akitulia, wasiwasi umekwisha.

Mlevi naye hutulia. Maiti ndiyo usiseme. Katika jaribio la uwanja wa wazi tunatazama mahali anapokaa nzi: akiingizwa kwenye kisahani kigeni huambaa na ukuta na kukwepa katikati, na diazepamu, dawa inayotuliza wasiwasi wa binadamu, huipunguza tabia hiyo. Ila nzi asiyetembea hubaki pale ulipomwacha. Ukimwacha katikati utamhesabu jasiri, kumbe amesinzia. Muda aliokaa katikati usomwe sambamba na kasi na umbali aliotembea. Kama kasi imeporomoka, ulichopata huenda ni usingizi tu.

Halafu kuna ethanoli, yaani pombe. CBD haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo wengi huiyeyusha kwenye ethanoli ndipo waichanganye na chakula, huku kundi linganishi likipewa chakula kitupu! Hapo umelinganisha waliokunywa na wasiokunywa. Kundi linganishi nalo lipewe ethanoli kiasi kilekile.

Na je, wamekula kweli? Ladha ikiwachukiza watasusa, na nzi mwenye njaa huhangaika huku na huko, kipimo chako kivurugike upande wa pili. Mimi hutia rangi ya bluu kwenye chakula cha makundi yote; tumbo lisipoonyesha bluu, nzi huyo hajaonja dawa. Wanafunzi hunicheka, mpaka siku wanapoyakuta matumbo hayana rangi.

Dhana: CBD hushika vipokezi vya bangi kwenye ubongo wa nzi.

Vipi? Nzi wa matunda hana vipokezi hivyo, CB1 wala CB2. Hata kwa binadamu CBD haivishiki kwa nguvu. Njia ya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ina mantiki zaidi, maana nzi anayo, lakini nayo ijaribiwe kabla ya kuandikwa kwenye hitimisho.

Dhana: Dozi ikiongezwa, utulivu unaongezeka.

Watu waliopewa CBD kabla ya kuhutubia walipata nafuu kwa 300 mg. Dozi ndogo na kubwa zaidi hazikufua dafu. Kwa nzi pia, kujaribu dozi moja hakutoshi, pima tatu au nne tofauti.

Dhana: Imemfaa nzi, itanifaa na mimi.

Hili huulizwa na wazazi siku ya maonyesho. Dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ilikuwa ya aina mbili kali za kifafa, si ya wasiwasi. Tena CBD huingilia namna ini linavyovunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi za kifafa. Swali hilo mpelekee daktari wako. Mimi nina chupa za nzi za kubadilisha.