Pistoni za tarumbeta: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Jamani wapiga matarumbeta wa Mtwara na Lindi, hili nalisema kwa uchungu maana tarumbeta nyingi nilizoziona zimekufa huku kwetu hazikufa kwa uzee, zimekufa kwa dawa tulizozitia wenyewe.

Kubwa kuliko zote ni hii, eti mafuta ni mafuta tu, pistoni, yaani ile nguzo ya ndani unayoibonyeza kwa kidole, ikikwama tia ya nazi au ya ufuta si yapo tele. Hata mimi nilitia ya nazi, ilikuwa mwezi wa saba tuna harusi Mikindani, mchana kwenye mazoezi inateleza utadhani mpya, kesho yake alfajiri tunaanza msafara nabonyeza ya pili haishuki, ya kwanza imeshuka haipandi, watu wanacheza mimi napuliza noti mbili tatu tu. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kusi mnazijua. Ya ufuta hayagandi vile ila yakikaa yanageuka gundi, nimefungua tarumbeta ya mwenzangu mmoja nikakuta pistoni ina utando wa njano unanata kidoleni kama utomvu wa mkorosho. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda yake ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo inataka mafuta mepesi kama maji, yale yenyewe ya vali, yaani ya hizi pistoni. Grisi ni ya ile mirija ya kuvuta, isiguse pistoni kabisa.

Halafu kuna wa msasa, au ile dawa ya kung'arishia shaba. Usithubutu! Chuma ukishakikwangua hakirudi, upepo unavuja pembeni na sauti inakuwa nyembamba moja kwa moja.

Wengine wanalaumu chumvi ya bahari. Kweli chumvi inakula shaba kwa nje, lakini mbona Masasi na Nachingwea zinakwama vilevile? Angalia soda. Maji mengi yanayotoka kwenye tarumbeta siyo mate, ni mvuke wa pumzi umepoa, ila ukipuliza mdomo una soda ya harusi sukari inaingia nayo ndani, sukutua kwanza.

Na maji ya moto kuchemka hapana, yanabandua ile rangi ya juu, vuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha, felti, vile vipande laini vya kitambaa kwenye pistoni, zisilowe.

Pistoni nazo hazifanani, zina namba 1, 2, 3, ukianzia upande unaopulizia, ukizichanganya matundu hayakutani na upepo haupiti, watu wanadhani imeharibika kumbe imepangwa vibaya. Fungua kifuniko, vuta wima, futa na fulana kuukuu ya pamba isiyotoa nyuzi, tia matone matatu manne, rudisha ukiizungusha taratibu mpaka usikie kale ka-klik, hapo imekaa.