Dhiki si ushahidi wa imani haba
Hapa Malindi, mvuvi akirudi mikono mitupu wiki nzima, au mtoto wake akilazwa, hakosi wa kumwambia: "Ungekuwa na imani, haya yasingekupata." Si kweli, na maneno hayo huuma kuliko njaa yenyewe. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, waumini walioteswa, akimshukuru Mungu kwa kuwa imani yao inazidi na upendo wao umekuwa mwingi. Hakuwaambia dhiki imekwisha. Imani na upendo wao vilikua humo humo ndani ya adha. Nimeyaona haya kusi likivuma: mama ambaye mumewe hajaingia baharini siku nne anapima unga uliobaki, vibaba viwili, na kimoja anamfungia jirani aliyefiwa. Mkono unamtetemeka kidogo, lakini anafunga.