Baiskeli ya bei haishindi peke yake: yanayosemwa Lubumbashi kuhusu mbio, na ukweli wake

Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, vijana wa Lubumbashi wanaoniuliza habari za mbio wameongezeka. Swali lao la kwanza karibu kila mara ni la baiskeli gani inunuliwe. Kijana mmoja wa Katuba aliniambia bila wasiwasi wowote: "Yaya, nikipata kinga ya kaboni nitabashinda bote." Kinga ndiyo baiskeli, na kaboni ni ile fremu nyepesi ya bei.

Namwelewa. Kwenye simu amemwona Tadej Pogačar wa Slovenia, mshindi wa mbio kuu ya wanaume, akiwaacha wenzake katika vilima vya Kigali, na baiskeli aliyoikalia inauzwa kwa bei ya gari. Lakini maneno ya namna hii yanawafukuza watu wenye miguu ya mbio kabla hawajajaribu, kwa sababu hawana pesa za kaboni. Wengine wanazipata pesa, wananunua vibaya, wanaumia mgongo, wanaacha. Ndiyo maana nataka tuyapitie.

"Baiskeli ikiwa nyepesi ndiyo ya kushinda"

Hata mabingwa wamewekewa mpaka. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu baiskeli ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8, na kanuni hiyo ipo tangu 2000. Baiskeli nzuri ya alumini ina kilo 9 hivi. Tofauti ya kilo mbili inahesabika mlimani tu. Piga hesabu: mwendeshaji, baiskeli, maji na nguo, jumla kilo 80. Ukiondoa kilo moja umeondoa sehemu moja ya themanini. Mlima wa kupanda kwa dakika 20 utakupa faida ya sekunde 15. Sasa nionyeshe mlima wa dakika 20 kati ya hapa na Kipushi.

Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini umekaa juu ya uwanda, na kwenye uwanda adui ni hewa. Ukifika mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, nguvu zako nyingi zinamalizwa na upepo, na upepo huo unagonga mwili wako kuliko unavyogonga fremu. Fulana pana inayopepea mgongoni inakurudisha nyuma kuliko ile kilo moja. Kunja viwiko, shusha kifua, vaa jezi inayobana. Hapo hujauza shamba la mtu.

Na kubwa kuliko yote ni mgongo wa mwenzako. Anayekaa karibu nyuma ya gurudumu la mwingine anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake, na ndani ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Ukielekea Likasi unakusukuma, kila mtu anajiona bingwa. Mkigeuza kurudi ndipo wanapojulikana waliopokezana mbele na waliokaa mbele peke yao tangu asubuhi ili waonekane. Upepo ukitoka ubavuni, mahali pa kujificha hapako nyuma kabisa bali nyuma na pembeni kidogo, upande ambao upepo hautokei. Mtu wa kaboni asiyejua jambo hili ataachwa na mtu wa alumini anayelijua, tena kwenye barabara tambarare.

Kukaa kwenye kundi kunafundishwa. Usiweke gurudumu lako la mbele sambamba na la nyuma la mwenzako, maana yakigusana anayeanguka ni wewe, na walio nyuma yako wanakuja juu yako. Usifunge breki ghafla. Ukiona shimo, lionyeshe kwa mkono chini mapema, kisha pita. Usilikwepe kwa kuruka pembeni kama uko peke yako. Mtu anayeyafanya haya vizuri hutafutwa na kila timu, hata kama miguu yake ni ya wastani.

"Wachukue wale wa makala, hakuna atakayewafuata"

Hii naisikia sana, na ina nusu ya ukweli, kwa hiyo inahitaji kutazamwa polepole.

Kila anayeamka mapema Lubumbashi anawajua. Wanaingia mjini na magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yaliyopangwa juu ya fremu ya chuma, marefu kuliko mwenye baiskeli. Baiskeli zenyewe hazina gia. Ukisogea karibu utaona nondo zilizochomelewa kwenye uma wa mbele na chini ya karia ili zisipinde, na mpira wa tyubu kuukuu uliozungushwa na kukazwa kwa nguvu kushikilia gunia la mwisho. Penye mwinuko mtu anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko nyuma ya mzigo, anasukuma. Akifika mjini ameshafanya kazi ya mwili ambayo wengi wetu hatutaifanya wiki nzima.

Moyo wa mtu huyo na miguu yake ni mtaji halisi. Rwanda ilimpata Gasore Hategeka miongoni mwa watu wa namna hiyo, waliokuwa wakijipatia riziki kwa kubeba mizigo na abiria kwa baiskeli, akaja kuvaa jezi ya taifa. Lakini mbio zinataka kitu kingine juu ya huo mtaji. Mwendeshaji wa mbio anazungusha pedali mara 85 hadi 95 kwa dakika, kwa wepesi, ili misuli isichoke mapema. Mbeba makala amezoea kukanyaga polepole na kwa nguvu nyingi. Mbio zina mishtuko: dakika mbili za kufa na kupona, kisha kutulia, kisha tena. Mzigo wa makala unataka mwendo mmoja usiobadilika. Na yeye amezoea barabara akiwa na nafasi yake, hajawahi kukaa sentimita 50 nyuma ya gurudumu la mtu kwenye mwendo wa kilomita 45 kwa saa.

Kwa hiyo ukimpandisha leo na kumpeleka kwenye mbio Jumapili, ataachwa, na watu watasema "kumbe si kitu". Mpe miezi ya mazoezi, gia, chakula cha kutosha na siku za kupumzika. Hizo siku za kupumzika ndizo hana, kwa sababu asipopeleka makala, nyumbani hawali. Mimi naamini klabu inayotafuta vipaji hapa kwetu ingeanza kwa kumlipia mtu kama huyo posho kabla ya kumnunulia chochote chenye magurudumu.

"Tairi jembamba, lijazwe mpaka liwe jiwe"

Zamani ndivyo walivyofanya hata Ulaya: upana wa milimita 23, upepo wa bari 8. Siku hizi wakimbiaji wakubwa wanatumia milimita 28 na zaidi, na upepo wa ndani ya tairi umepungua. Sababu ni kwamba lami si kioo. Tairi gumu likigonga kila kokoto linarukisha baiskeli na mwili, na kila mruko ni nguvu iliyopotea. Tairi lenye upepo wa kiasi linalimeza kokoto na kuendelea. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 na tyubu, anza na bari 5 hivi, kisha jaribu kupunguza kidogo kidogo. Ukipunguza kupita kiasi, rimu itabana tyubu kwenye ukingo wa shimo na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukiyaona hayo mawili, ujue tatizo lilikuwa upepo, usimlaumu aliyekuuzia tyubu.

Kabla ya kununua tairi pana, angalia kama litapita kwenye uma na kwenye breki. Fremu nyingi za zamani haziruhusu zaidi ya milimita 25.

"Fremu kubwa ni ya mtu mwenye nguvu", na mengine ya mitumba

Baiskeli nyingi za mbio zinazofika kwetu ni mitumba ya Ulaya, na nyingi zilikuwa za watu warefu. Muuzaji atakuambia utaizoea. Hutaizoea. Fremu ikizidi, unanyoosha mikono na mgongo kufikia usukani, na baada ya saa moja shingo inawaka. Unaweza kupandisha na kushusha kiti, ila urefu wa fremu yenyewe haubadiliki.

Urefu wa kiti usikadiriwe kwa macho. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kiguse juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 82 anapata 72.4, na hicho ndicho kipimo kutoka katikati ya ekseli inayozungukwa na mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Ni pa kuanzia. Baada ya hapo mwili utakuambia milimita chache juu au chini.

Mnyororo nao una kipimo. Chukua rula, pima vipande 24 kutoka pini hadi pini: mnyororo mpya unatoa milimita 304.8. Ukifika 306 na nusu, badilisha. Ukichelewa, unakula meno ya gia za nyuma na utalipa mara mbili. Vumbi letu jekundu linamaliza minyororo haraka, hasa kwa wanaomwaga mafuta mengi ya injini wakidhani wanailinda. Mafuta hayo yanashika vumbi, yanakuwa msasa. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke.

Helmeti ndiyo nakataza kabisa kuinunua mtumba. Povu la ndani limetengenezwa livunjike mara moja ili fuvu lipone, na ufa wake mara nyingi hauonekani kwa nje. Wapo wanaosema kofia hizo ni mapambo ya televisheni. UCI ilizifanya lazima 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka katika mbio za Paris–Nice huko Ufaransa mwezi Machi mwaka huo na kufa kwa jeraha la kichwa. Alikuwa hajavaa.

Yanayonong'onwa

Mama mmoja alimzuia binti yake kwa sababu aliambiwa kiti cha baiskeli kitamwondolea ubikira na kumnyima watoto. Si kweli, yote mawili. Ubikira hauondolewi na kiti, na uzazi hauguswi na pedali. Huko Kigali wanawake walishindana kwa jezi zile zile za dunia, na Magdeleine Vallieres wa Kanada ndiye aliyeshinda mbio kuu ya barabarani.

Kwa wanaume uvumi ni wa kupoteza nguvu. Kinachotokea kweli ni ganzi, nayo ni ishara kuwa kiti kimeinua pua, kiko juu mno, au hakilingani na mifupa ya makalio. Kilaze sawa, simama juu ya pedali mara kwa mara ili damu ipite. Kuongeza sponji nene hakusaidii: mwili unazama na kubanwa pabaya zaidi. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila nguo ya ndani, kwa sababu mishono ya nguo hiyo ndiyo inayochubua, na ifuliwe kila baada ya safari.

"Asubuhi kula bukari ya kutosha, njiani maji tu"

Bukari, yaani ugali, ni chakula kizuri, ila iliwe muda wa saa tatu kabla ya kuanza. Mbio zikizidi dakika 90, maji matupu hayatoshi. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya kati ina kama gramu 25. Chupa ya lita moja yenye gramu 60 za sukari, chumvi kidogo na ndimu inafanya kazi ya vinywaji vya dukani. Anza kunywa kabla ya kiu. Yule unayemwona ghafla anapepesuka kilomita 20 kabla ya mwisho, macho yamepotea, mara nyingi hajazidiwa nguvu, hajala tu.

"Mchezo huu si wetu, na mimi nimeshachelewa"

Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, za Tour de France 2024 na kuivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho. Ni mtu wa kasi ya mwisho, kwa hiyo hata ile hadithi kwamba Mwafrika anafaa milimani tu imepitwa. Kuhusu umri, Primož Roglič wa Slovenia alikuwa mrukaji wa ski kwenye theluji hadi alipopita miaka 20, kisha akaja kushinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mara nne, na Giro, mbio kubwa za Italia, 2023.

"Ukiachwa na kundi, shuka, ni aibu"

Hii inawamaliza wapya kuliko mashimo ya barabara. Kwenye mbio za hatua, anayeachwa bado ana kazi: kuna muda wa mwisho unaohesabiwa kwa asilimia juu ya muda wa mshindi, na akifika ndani yake kesho anaanza tena. Siku ya kwanza ya Tour de France 2024, huko Italia, Mark Cavendish wa Uingereza alitapika kwa joto na kuachwa mapema. Wenzake wa timu walibaki naye, wakamkinga upepo, akafika ndani ya muda. Siku nne baadaye alishinda hatua ya tano, ushindi wake wa 35 wa hatua, ambao hakuna aliyewahi kuufikia katika mbio hizo.

Kwa hiyo ukiachwa, usiendelee kufukuza kundi peke yako mpaka uishiwe. Kunywa, kula kitu, geuka nyuma uone nani mwingine ameachwa, msubiri. Mkiwa watatu au wanne, kila mmoja akae mbele dakika moja, kisha ateleze pembeni na kurudi mwisho wa mstari.